Benzi Kuukuu na Mlima Kitonga

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama wa kundi la Kidato cha Nne, 1979, katika mkutano wetu wa mwaka baada ya chakula cha mchana. Yanachapishwa kwa maombi ya waliohudhuria, na kwa faida ya waliokosa kufika.)



Katibu aliponiandikia kuniomba niseme machache juu ya kununua na kutunza gari kuukuu la kifahari, nilidhani ananitania. Nilimjibu kwamba katika chama chetu wamo wahandisi wawili na mwalimu wa chuo cha ufundi, awaombe hao. Akanijibu kwamba madaktari tumekwisha wasikia miaka mingi, mara hii wanachama wanataka kumsikiliza mgonjwa. Basi mgonjwa ndiye huyu.

Lakini nakiri mapema kwamba nimekubali kwa sababu nyingine pia. Wapo humu ndani watu ambao wana neno na mimi tangu mwaka 2019, na kwa adabu yao hawajalisema. Nitalifikia.

Wenzangu wa miaka ile mtakumbuka siku ya sherehe ya mwaka 1977, tulipofyeka ukoka tangu alfajiri na kupaka chokaa mawe ya barabarani. Mgeni rasmi aliteremka kutoka katika Mercedes nyeusi. Hotuba yake siikumbuki hata sentensi moja. Ninachokumbuka ni mlango ule ulivyofungwa. Land Rover ya shule ilifungwa kwa kishindo, na mara nyingine ilifungwa mara tatu. Mlango ule ulifungwa mara moja, polepole, kama mtu anayefunga kamusi. Jioni mwalimu wetu wa siasa akatueleza habari za Wabenzi, hilo kabila jipya la Afrika Mashariki ambalo halina mila wala kijiji ila gari. Tulicheka sana. Kisha tukaenda na tochi kutazama alama za matairi yake mchangani.

Nasema haya kwa sababu naamini wengi wetu tunapofikia umri wa kustaafu hatununui gari, tunanunua mlango ule.

Mimi nilistaafu kwa hiari mwaka 2017, nikiwa na miaka 55. Kiinua mgongo kilipoingia, mke wangu alitaka tumalizie nyumba ya Kibaha, ambayo ilikuwa imefika kwenye linta. Nikamwambia tutamalizia. Mwaka 2018 nikamwona dalali mmoja, akanionyesha Mercedes 230E ya mwaka 1991, rangi ya samli, usukani wa kulia, iliyoletwa zamani kutoka Uingereza. Bei ilikuwa shilingi milioni 7. Fikirini, ndugu zangu: gari ambalo lilipokuwa jipya mtu wa mshahara wangu asingethubutu hata kuuliza bei yake, sasa linauzwa kwa chini ya bei ya kigari kidogo cha Kijapani! Nilidhani dalali amekosea. Hakukosea. Nilikuwa sijafahamu jambo moja tu, ambalo leo ningependa kila mtu aondoke nalo: bei ya gari hushuka kwa uzee, lakini bei ya spea zake haizeeki. Pampu ya petroli ya gari lile inauzwa kama pampu ya gari la tajiri, maana ilitengenezwa kwa gari la tajiri. Mwaka wa kwanza niliandika kila senti katika daftari. Ilipofika miezi 14 nilikuwa nimetumia shilingi 5,300,000 juu ya ile bei ya kununulia, na linta ya Kibaha ilikuwa imeota majani.

Hata hivyo nisiliseme vibaya gari. Watu husema ukiona vyaelea vimeundwa, na hili liliundwa. Wataalamu huliita W124. Lilitoka mwishoni mwa mwaka 1984 kuchukua nafasi ya lile la kabla yake, W123, ambalo lilitengenezwa karibu milioni 2.7 na ndilo lililofanya teksi katika nchi nyingi za Afrika. Saluni za W124 ziliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1995. Bodi yake imechongwa ili ipasue upepo bila shida, na kioo cha mbele kina waipa moja tu, ambayo inapozunguka hujisogeza juu na nje ili ifike hadi kwenye kona. Injini ya 230E ina silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 2299, bloku ya chuma cha kalibu na silinda hedi ya aluminiamu. Naomba mkumbuke hiyo aluminiamu, tutarudi kwake.

Sasa kwa yule ambaye, baada ya kusikia hayo yote, bado anataka kununua. Nawaona, msijifiche.

Kwanza kabisa, usifikirie kuagiza. Kenya hawaruhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8 kuingia nchini, na kwetu Tanzania ushuru wa bidhaa huongezwa kwa ajili ya uzee wa gari, kiasi kwamba utalipa serikali zaidi ya ulivyomlipa mwenye gari. Tafuta lililokwisha zeekea hapa hapa. Na angalia usukani, maana magari mengi ya Mercedes yaliyouzwa Japani katika miaka ya 1980 yalikuwa na usukani wa kushoto, ingawa Wajapani wenyewe huendesha upande wetu.

Pili, usiamini herufi za kwenye buti. Kibati cha "300E" kinauzwa dukani kama kitufe cha shati. Mwenzetu mmoja, ambaye yuko hapa na anacheka sana hivi sasa, alinunua 300E ambayo ilikuwa 200. Fungua boneti usome namba ya chesisi. Baada ya herufi WDB kuna tarakimu sita: 124 ni umbo la gari, na tatu zinazofuata ni aina. 124023 ni 230E. 124030 ni 300E ya kweli. Tarakimu inayofuata hukuambia usukani ulikuwa wapi gari lilipotoka kiwandani: 1 ni kushoto, 2 ni kulia. Ukikuta 1 na usukani uko kulia, mshukuru muuzaji, uage, uondoke. Kisha hakikisha kwamba namba hiyo ndiyo iliyo kwenye kadi.

Tatu, usiamini kilomita. Ndani ya kifaa kile kinachohesabu mna vigurudumu vidogo vya plastiki ambavyo huvunjika kwa uzee. Mshale wa mwendo unaendelea kufanya kazi lakini hesabu imesimama. Langu lilikuwa limesimama kwenye 184,000. Dalali alilisema hilo kama sifa: "Mzee, halijatembea." Ni kweli lilikuwa halijatembea, kwa mujibu wa kitu kilichokufa.

Nne, kutu. Sisi wa pwani tunalijua chumvi linavyofanya kwa mabati ya nyumba, lakini tukiona rangi inang'aa tunasahau. Magari haya, yale yaliyotoka kuanzia mwaka 1989, yana mbao pana za plastiki ubavuni. Ni nzuri kwa macho, lakini nyuma yake maji na vumbi hukaa kimya na kufanya kazi yao. Bandua vile vifuniko vidogo vya plastiki vinavyoziba tundu za jeki, uingize kidole. Kidole kikitoka na unga mwekundu, basi hata rangi ni ya kukuhadaa. Injini hutengenezeka, bodi iliyooza huchomelewa leo na kesho kutwa huoza pembeni mwa ilipochomelewa.

Tano ni waya, na hili linahusu zile za mwisho, yaani za mwaka 1993 hadi 1995, ambazo jina lake lilibadilishwa zikaitwa E200, E220, E280 na kadhalika. Watu huzikimbilia kwa sababu ni changa zaidi. Katika miaka hiyo waya za injini zilivikwa plastiki ambayo haistahimili joto. Baada ya miaka kadhaa hukauka na kupukutika kama ganda la yai, waya mtupu ukagusa waya mtupu. Injini hutetemeka, huzimika, na fundi hubadilisha plagi, kisha koili, kisha pampu, kila kitu kwa fedha yako, na ugonjwa umo ndani ya waya. Ikunje kidogo ile waya inayoingia kwenye injini. Ikitoa mlio wa jani kavu, ujue itabidi kununua waya zote.

Na kwa zile za zamani kama langu kuna mdudu mwingine. Nyuma ya betri pana kijisanduku kidogo cha rile chenye fyuzi juu yake, ambacho kazi yake ni kulinda vifaa vya umeme usije ukazidi. Risasi iliyounganishwa ndani yake hupasuka kwa uzee. Gari asubuhi linakataa kuwaka, mchana linawaka bila sababu, taa ya breki za kuzuia kuteleza inajiwakia yenyewe. Kwa ugonjwa huo nilibadilishiwa pampu ya petroli, chujio, na nusu ya kile chombo cha kugawa petroli, mpaka kijana mmoja wa redio pale Gerezani alipokifungua kile kijisanduku na kukichomea upya kwa dakika kumi. Alinitoza shilingi elfu tano na akaona haya kuzipokea.

Kiyoyozi sitakisemea. Kinachovuja kimo ndani kabisa, na kukitoa ni lazima dashibodi yote ing'olewe. Mimi hufungua vioo.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nifikie lile neno.

Mnakumbuka kwamba mwaka 2019 tulimpoteza yule mwenzetu aliyekuwa kiranja wa bweni letu, yule ambaye usiku wa njaa alikuwa akigawa ugali wake mara tatu. Maziko yalipangwa Mafinga, saa nane mchana. Tulichanga hapa Dar es Salaam, na kwa kuwa mimi nilikuwa na Benzi, ilionekana ni heshima kwa marehemu kwamba rambirambi na shada la chama viende kwa gari hilo. Wenzetu watatu wakapanda nami. Tuliondoka saa tisa usiku.

Miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimelipeleka gari kwa fundi kwa sababu ya joto mjini, katika foleni. Fundi alifungua mahali fulani mbele ya injini, akatoa kidude cha shaba chenye springi, akanionyesha: "Hii ni themostati. Wazungu wanaiweka kwa ajili ya baridi ya kwao. Huku haina kazi." Akaitupa kwenye ndoo. Nikaona ni maneno ya akili. Nadhani wengi wenu mmewahi kuambiwa hivyo hivyo, na katika magari mengine huenda ukaponea hapo.

Lakini themostati ya gari hili ina visahani viwili juu ya kijiti kimoja. Injini ikiwa baridi, kisahani cha juu huziba njia ya kwenda kwenye rejeta, na maji huzunguka njia fupi ndani ya injini ili ipate joto upesi. Joto likifika karibu nyuzi 87, kijiti husogea: cha juu hufungua njia ya rejeta, na papo hapo cha chini huziba ile njia fupi. Sasa ukiitoa themostati, njia fupi haizibwi kamwe. Maji, kama wanafunzi wa zamu, hupenda njia fupi. Sehemu kubwa yanarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Tambarare, upepo mwingi, hutagundua lolote. Tulipita Morogoro, tukapita Mikumi tukitazama pundamilia, mshale uko kwenye 80, nami nawasimulia wenzangu habari za uhandisi wa Kijerumani.

Kitonga mnaijua. Ni kona juu ya kona, ukuta upande mmoja na korongo upande mwingine, na mbele yako malori yanayokwenda Zambia yakipanda kwa mwendo wa mzee mwenye mkongojo. Huwezi kupita na huwezi kusimama. Mshale ukafika 100. Mwenzetu aliyekaa mbele akasema, "Bwana, angalia." Nikasema Benzi hizi zimeumbwa hivyo. Ukafika 110. Akasema tena. Nikamwambia tutachelewa maziko.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, ndugu zangu, wala si kwa fundi. Fundi hakujua. Mimi niliona kwa macho yangu mshale ukipanda, na sikusimama kwa sababu gari hilo nilikuwa nimelisifu tangu Chalinze.

Karibu na kileleni mvuke ukatoka, tukasogea pembeni. Na kana kwamba haitoshi, nikachukua dumu la maji baridi nikamimina wakati injini inatokota. Tulisikia mlio, "tii", kama sufuria inayotiwa maji ikiwa tupu motoni. Ile aluminiamu niliyowaomba mkumbuke ilipinda hapo. Chuma cha chini na aluminiamu ya juu havitanuki sawasawa; ukivichoma kupita kiasi kisha ukavipoza kwa ghafla, hedi hujikunja, gasketi inaachia, na maji yanaingia kwenye oili. Nilipovuta kijiti cha oili kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Tulikaa pale saa tano. Tulipata lifti kwenye semitrela ya saruji, wawili mbele na wawili nyuma juu ya mifuko, shada likiwa mapajani mwangu. Tulifika Mafinga saa mbili usiku. Watu walikuwa wamekwisha zika na wengine wamekwisha lala. Mjane alitupokea tukiwa weupe kwa saruji kama mizimu, akatutafutia chakula, wala hakuuliza. Asubuhi tuliweka shada juu ya kaburi, sisi wanne peke yetu.

Nilieleza wakati ule kwamba gari liliharibika. Watu walisema, "Ajali kazini." Sikueleza kwamba niliambiwa mara mbili nisimame. Wale watatu wamenitunzia siri hiyo miaka yote, na mmoja wao amekwisha fariki naye. Nawaomba radhi waliobaki, na naomba radhi kwa kundi zima, maana shada lile lilikuwa lenu.

Mtauliza kwa nini basi sikuliuza. Nilitaka. Lililetwa Dar es Salaam juu ya lori, likakaa miezi minane chini ya turubai. Aliyeniamsha ni mke wangu, yule yule wa linta. Alisema nyumba nimeacha nusu, na gari nimeacha nusu. Nichague kimoja nikimalize. Tulimaliza nyumba kwanza. Kisha nikapata fundi mzee aliyekuwa akitengeneza magari haya kabla sijajua kusoma namba ya chesisi. Aliipeleka hedi ikasawazishwa kwa mashine, akapima kwa rula ya chuma na kipande kidogo cha bati, akairudisha mashine mara ya pili kwa sababu hakuridhika. Akaweka gasketi mpya, pampu ya maji, mipira yote ya maji, na themostati mpya. Tangu hapo kwenye rejeta haliingii maji ya bomba. Ni kulanti na maji safi, nusu kwa nusu. Si kwa ajili ya barafu, ni kwa sababu maji ya bomba yanaitafuna aluminiamu kidogo kidogo kama panya.

Kitu kingine alichonifundisha ni kubadili mafuta ya giaboksi, pamoja na chujio lake, kila kilomita 60,000. Wengi hawayagusi mpaka giaboksi ikatae kurudi nyuma. Naye alinikataza kununua spea ya bei ya chini kwa kitu chochote kinachopitisha maji au kushika gurudumu. Taa na vioo, alisema, nunua hata mtumba.

Gharama ya mwaka sasa imetulia. Petroli bado ni shida, maana mjini halizidi kilomita 8 kwa lita, kwa hiyo sokoni naenda kwa daladala na Benzi hutoka Jumapili. Vijana wangu wanasema baba anatunza jumba la makumbusho. Wenye umri wangu watakumbuka kwamba katika miaka ile ya uhaba wa mafuta Jumapili alasiri ndiyo ilikuwa marufuku kuendesha gari binafsi. Basi nalipiza.

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu anatazama saa. Gari liko nje chini ya mwembe, na yeyote anayetaka kuingiza kidole kwenye tundu za jeki anaruhusiwa. Boneti msifungue mpaka injini ipoe. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao nakwenda Mafinga na shada jingine. Nitapanda Kitonga asubuhi na mapema kabla ya malori, na atakayekaa mbele nitampa kazi ya kutazama mshale. Akisema simama, nitasimama. Kiti kimoja kimekwisha chukuliwa na mke wangu. Vimebaki vitatu.